Mwanamke peke yake Kisumu: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi huuza vitabu vya shule. Nyumbani ni Nakuru, lakini kwa miaka 11 sasa nimekuwa nikilala Kisumu mara mbili tatu kila muhula, mimi na katoni zangu na begi moja la mgongoni. Ndiyo maana kila Januari simu yangu haipoi. Anapiga mwalimu aliyehamishiwa huko, anapiga muuguzi aliyepata kandarasi, anapiga mpwa wangu anayekwenda kwa mahojiano ya kazi, na wote wanauliza yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili mtu akinipigia nimtumie ukurasa huu, niendelee kupika.

Kwani Kisumu ni mji wa hatari kwa mwanamke aliye peke yake?

Si zaidi ya Nakuru. Wezi wa simu wapo, walevi wapo, na wanaume wanaodhani mwanamke akiketi peke yake anangoja kuongeleshwa wapo tele, kama kwenu.

Kitu utakachokiona mapema ni kwamba unaonekana. Kisumu ni jiji rasmi tangu 2001, lakini kaa siku tatu katikati ya mji na muuza maji wa juzi atakuuliza kama ulimpata yule mtu uliyekuwa ukimtafuta. Wageni wengi hukereka. Nilikereka pia, mpaka siku kijana mmoja aliponifuata kutoka karibu na soko la Jubilee hadi kwenye kibanda ninakokunywa chai. Mama wa kibanda hata hakuinuka kitini. Alimwita kwa jina la baba yake, akamuuliza kama ameshapata kazi au bado kazi yake ni kusindikiza wanawake wasiomjua. Kijana aligeuka akaenda zake. Yule mama alinimiminia chai nyingine, akaniita *nyathina*, mtoto wangu, na hakunitoza.

Kwa hiyo mengi utakayoyasoma hapa ni mbinu za kujulikana haraka na watu wanaofaa, na kutojulikana na wasiofaa.

Nikitoka Nairobi au Nakuru, nipande gari la saa ngapi?

Hesabu kutoka jua linapozama, urudi nyuma. Kisumu jua huzama karibu saa moja kasorobo jioni, na giza haliombi ruhusa. Kutoka Nairobi ni karibu kilomita 350, saa saba hivi barabara ikiwa na huruma. Kutoka Nakuru, kupitia Mau Summit, Kericho, Awasi na Ahero, weka saa nne. Malori ya Mau Summit yanaweza kukuongezea saa nzima bila taarifa. Mtu wa Nairobi basi awe ameketi ndani ya gari saa mbili asubuhi, na wa Nakuru asivuke saa sita mchana.

Kuna mtego mmoja wa matatu za watu 14. Unafika steji unakuta gari limejaa, limebaki kiti kimoja, makanga anakuharakisha, "Mmoja aende, mmoja aende!" Unalipa, unaketi. Halafu abiria wanaanza kushuka mmoja mmoja kama waliokumbuka kitu nyumbani. Hao walikuwa vijana wa kujaza viti, wanalipwa kwa kukaa tu. Gari lililopaswa kuondoka saa sita linaondoka saa tisa na nusu, na wewe unaingia Kisumu gizani. Chungulia ndani kabla ya kulipa. Abiria wa kweli ana mzigo, ana mtoto, ana maji ya kunywa. Wa kujaza hana hata mfuko.

Lakini gari la usiku ndilo la bei nafuu. Nifanyeje?

Lipande, ila usishuke ovyo. Magari ya usiku huingia Kisumu saa kumi au saa kumi na moja alfajiri, saa mbaya kuliko zote: baa zinafunga, maduka hayajafunguliwa. Chagua kampuni yenye ofisi na benchi ndani, na kabla ya kukata tiketi uliza wazi, "Nikifika alfajiri naruhusiwa kukaa ofisini mpaka kupambazuke?" Wakisita, nenda kwa jirani yao.

Mara moja nilishushwa saa kumi na nusu kando ya barabara kwa sababu dereva alitaka kuwahi gereji. Katoni tatu za vitabu vya hisabati, mvua ya rasharasha, na taa moja iliyokuwa ikipepesa. Walioniokoa ni akina mama wawili waliokuwa wakishusha nyanya. Nilikwenda nikaketi juu ya kreti yao bila hata kuomba, nikawasaidia kupanga nyanya mpaka kukacha. Ukijikuta pabaya alfajiri, tafuta wanawake walio kazini. Wako kila mji, na ndio wa kwanza kuamka.

Steji ya Kisumu ikoje? Naogopa wapiga debe.

Iko jirani na soko la Jubilee, na kelele zake ni za kawaida. Wapiga debe watakugombania begi wakiuliza unakwenda Busia au Siaya. Begi lisitoke mkononi. Anayelibeba ndiye anayeamua gari lako. Mimi hutembea kama niliyechelewa, macho mbele, na neno moja tu: "Nimefika." Ukisema "nimefika" huna safari ya kuuziwa, wanakuacha.

Makanga halali huvaa sare ya maruni na dereva ya samawati, tangu zile sheria za matatu za waziri Michuki za 2004. Siku hizi sare huonekana zaidi polisi wanapokuwa karibu, lakini kijana asiye na sare anayetaka nauli yako nje ya gari, mwambie utalipa ukiwa ndani.

Na hizi gari ndogo za Probox?

Mchana, kwa safari fupi za vijijini, wakati mwingine hakuna kingine. Utabanwa watu wanne nyuma na wawili kwenye kiti cha mbele, ukatoke na shingo imepinda. Nina chuki yangu na hayo magari na siifichi.

Usiku hapana. Hapana kabisa. Gari binafsi linalosimama gizani likiwa na "abiria" wanaume watatu na nafasi moja iliyobaki katikati ndiyo hila ya zamani kuliko zote katika barabara hii. Hao si abiria.

Boda au tuktuk?

Kisumu ni mji wa tuktuk, na mwanamke mwenye mzigo achukue tuktuk. Una kuta pande mbili, una kiti chako, na unaweza kuruka ukilazimika kwa sababu haiendi kasi ya kutisha. Teksi za kuitwa kwa programu ya simu pia zipo mjini na husaidia usiku. Linganisha nambari ya gari na ile iliyo kwenye simu kabla hujafungua mlango, na usitangulie kusema jina lako. Muulize yeye, "Unamchukua nani?"

Boda nazitumia pia. Utaratibu wangu ni huu: namchukua aliye steji, amekaa na wenzake, mwenye jaketi ya kung'aa. Anayezungukazunguka peke yake na kunifuata polepole simpandi. Kila steji ina mwenyekiti, na ukiuliza kwa sauti "mwenyekiti ni nani hapa?" hewa hubadilika. Nikishapanda napiga picha nambari ya usajili. Za pikipiki huanza na KM, na siifichi picha hiyo, naipiga huku nacheka naye: "Dada yangu hunitaka nimtumie." Abiria ni mmoja. Akisimama njiani kumpakia "rafiki yake tu mpaka hapo mbele," shuka hapohapo, hata kama ni mbali, ilimradi kuna watu.

Kufikia safari ya tatu nilikuwa na mwanaboda wangu, mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye redio iliyofungwa kwa mpira kwenye usukani. Ndiye ninayempigia saa moja usiku. Tafuta wako. Muulize mama wa kibanda au mlinzi wa getini, "Wewe mke wako ama binti yako humbebesha nani?" Swali hilo halijawahi kuniletea mtu mbaya.

Nilimlipa mwanaboda kwa M-Pesa, sasa ananipigia usiku. Nifanyeje?

Hili swali naulizwa kuliko yote, na halimo katika vitabu vya usalama kwa sababu waliovitunga hawajawahi kupanda boda wakiwa wasichana.

Ukimtumia mtu pesa, umempa jina lako na nambari yako. Saa tatu usiku ujumbe unaingia: "Ulifika salama?" Unaona adabu tu, unajibu "ndiyo asante." Saa tatu na nusu: "Umekula?" Saa nne: "Mbona kimya." Saa nne na robo: "Mko na dharau nyinyi wa Nairobi." Na huyo mtu anajua geti uliloshukia.

Beba noti ndogondogo. Za 50 na 100, uzitafute mapema, maana mwenye noti ya elfu moja huishia kutuma tu. Ukikosa kabisa, lipia dukani au kwa kioski ambako kuna nambari ya till, ile ya kulipia duka kwa M-Pesa, umwombe mwenye duka amlipe yule taslimu. Kwa kuongeza soda moja hawakatai. Na usishushwe mlangoni. Mimi hushuka kwenye duka la pili kutoka ninapolala, naingia kununua maziwa, nasubiri pikipiki iondoke.

Kama nambari yake tayari inalia, usijibizane naye. Usimtukane, usimweleze, usimpe hata "samahani." Mzuie, hifadhi ujumbe wake kwa kupiga picha skrini, na kesho nenda na mtu mkubwa steji kwake ukamwone mwenyekiti. Hawapendi steji yao iharibiwe jina, na mara nyingi huishia hapo. Akitishia, hiyo ni kesi ya polisi.

Kuna mlango mwingine wa nambari yako ambao watu hawaufikirii: lile daftari la getini. Kila jengo Kenya hii lina daftari, unaandika jina, kitambulisho, simu, na anayekuja nyuma yako anasoma mstari wako huku akijaza wake. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini daftari liko palepale na kalamu yake ya uzi. Mimi huandika nambari ya ofisi.

Chumba nichague vipi?

Usianze na picha za kitanda. Piga simu uulize mambo matatu: kuna mlinzi usiku kucha, mlango una komeo la ndani, na jenereta au taa za dharura zipo stima ikipotea. Sikiliza sauti inayokujibu. Mapokezi wanaojibu kwa kukereka mchana hawataamka usiku.

Chagua ghorofa ya kwanza au ya pili. Ya chini ina madirisha ya kuchunguliwa, ya juu kabisa huwa na ngazi ndefu na korido isiyopita mtu. Milimani na kandokando mwa mitaa ya Tom Mboya ni kutulivu. Katikati ya mji, upande wa barabara ya Oginga Odinga, utapata kelele lakini pia watu.

Kuna gesti moja, sitaitaja, ambako mhudumu alisoma kitambulisho changu akatangaza kama mtangazaji wa mpira: "Chumba 12, madam, uko peke yako eh?" Wanaume watatu walikuwa kwenye kochi wakitazama taarifa ya habari. Saa tano usiku mlango ukagongwa. Sikufungua. Nilipiga simu mapokezi, haikuchukuliwa, nikasukuma meza mlangoni nikalala na viatu. Sasa nikisikia nambari ya chumba inatajwa kwa sauti namwambia papo hapo, kwa upole: "Badilisha, tafadhali, na hicho kingine niandikie kwenye karatasi." Hakuna aliyewahi kukataa.

Tena, usikubali kwamba uko "peke yako." Sema, "Mwenzangu anakuja baadaye." Nani atahesabu?

Kwa hiyo nidanganye? Niseme nina mume?

Mimi nadanganya, na silali nikilia. Mume wangu wa barabarani huwa amebaki Kericho kuongea na mtu na anafika jioni. Ana kazi nzuri, huyo.

Wapo dada wanaokataa, wanasema kwa nini heshima yangu itegemee mwanaume asiyekuwepo. Wako sahihi. Lakini saa mbili usiku kwenye tuktuk sifanyi mjadala, natafuta kufika.

Nikisumbuliwa njiani nijibu nini?

Mara nyingi usijibu, tembea. Lakini kwa Kisumu nimeona maneno machache ya Kijaluo yanavunja mchezo, kwa sababu anayekusumbua alidhani wewe ni mgeni usiye na mtu. *Misawa* ni salamu, inamtosha yeyote. *Ero kamano* ni asante. Mwambie mtu hivyo huku ukiendelea na safari, anabaki hana la kushika. Na kwa asiyesikia, *Omera, weya*: ndugu yangu, niache. Liseme kwa sauti ya dada mkubwa, la kusikika na wauzaji wa karibu. Watacheka, na atachekwa yeye.

Akikushika mkono, hapo adabu imekwisha. Piga kelele kwa Kiswahili, "Simjui huyu! Simjui!" Usipige tu "wacha," maana wapita njia hudhani ni ugomvi wa mke na mume na hapo, kwa aibu yetu sote, wengi hawaingilii.

Nivae nini?

Joto la Kisumu litakuamulia. Watu huvaa dera, jinzi, sketi, kaptura, chochote.

Kama bado unaogopa yale mambo ya wanawake kuvuliwa nguo steji: baada ya maandamano ya Nairobi ya Novemba 2014, sheria ilibadilishwa mwaka uleule, na anayemvua mtu nguo kwa nguvu anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Nguo uliyovaa haimo katika sheria hiyo.

Naweza kwenda kula samaki ziwani peke yangu?

Utoke Kisumu bila kula samaki kwa sababu huna wa kukusindikiza? Nenda! Nenda mchana. Vile vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilivyokuwa kando ya ziwa vilipata jina kutoka kwa nzi, ndiyo maana ya neno lenyewe kwa Kijaluo, na hilo lisikutishe. Popote utakapokula, keti meza iliyo karibu na jiko, sio ile ya pembeni yenye mandhari. Wapishi ni akina mama, na ukimwambia mmoja wao "nichagulie ngege mzuri, mama" umekuwa mgeni wake. Akija mwanaume kuketi kwako bila kualikwa, yeye ndiye atakayemuuliza anaagiza nini au anaondoka.

Dunga ni pazuri kwa machweo, na wengi hupanda mashua pale. Elewana bei kabla, kwa watu wote na safari nzima, kwenda na kurudi, maana bei ya kurudi hupanda katikati ya maji. Boya la kuelea livae, usilikalie. Usikubali mashua ambayo abiria ni wewe tu na wanaume wawili wa kupiga kasia, subiri familia. Na ondoka ufukweni kabla giza halijaingia, kwa sababu ya watu na kwa sababu ya viboko, ambao hutoka majini usiku kula nyasi na hawajali kama wewe ni mgeni au mwenyeji.

Paka dawa ya mbu. Kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima na wasafiri wetu wa Nairobi na Nakuru hufa kwa kujisahau zaidi ya wanavyodhani.

Na usiku? Nataka kusikia muziki wa ohangla.

Kasikie. Nenda na wenzako wa kazi, hata wawili. Panga gari la kurudi kabla hujaingia, si unapotoka.

Neno la kujua ni *mchele*, yaani dawa ya usingizi inayotiwa kwenye kinywaji. Siku hizi linatajwa zaidi kuhusu wanaume wanaolazwa usingizi na kuporwa, lakini dawa haiulizi jinsia. Kinywaji kifunguliwe mbele yako. Ukienda msalani, ukirudi agiza kingine, ule uchoyo wa kuokoa nusu chupa uachane nao. Ukihisi umelewa kuliko ulivyokunywa, usitoke nje kupunga hewa, nenda kaunta, mwambie mhudumu wa kike, "Nimewekewa kitu, usiniache."

Mitaa ipi niepuke?

Watu hutaka nitaje Nyalenda, Manyatta, Obunga, halafu waendelee na maisha. Huko ndiko wanakoishi mama wa chai, mwanaboda wangu na wengi watakaokusaidia. Nimeingia mitaa hiyo yote mchana kupeleka vitabu. Kama una shughuli huko, ingia na mwenyeji akupokee barabarani, na utoke jua likiwepo.

Ninakoepuka mimi ni mahali patupu: kandokando ya reli, uwanja wa Jomo Kenyatta baada ya saa moja, njia za mkato nyuma ya maduka Jumapili jioni soko likifungwa.

Maandamano yakianza?

Kisumu ikikasirika, mara nyingi utasikia Kondele kwanza, na Kondele iko kwenye barabara ya Kakamega. Asubuhi ya siku yenye joto la siasa, muulize mlinzi wa getini kabla hujatoka. Atakuwa na habari kabla ya redio. Ukikutwa njiani, ingia dukani na uombe kukaa ndani wakishusha shata. Usichukue video. Moshi wa vitoza machozi ukikufikia, osha macho kwa maji mengi na usiyasugue.

Simu ikiibwa?

Tembea na mbili. Ile nzuri ndani ya begi, na mulika mwizi ya bei rahisi mkononi, yenye nambari za watu wako. Laini zote ziwe na PIN. Ikienda, azima simu, piga 100 kama laini ni ya Safaricom, waifunge kabla mwizi hajafika M-Pesa. Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja.

Na usiku ukiwa safarini mtumie mtu mmoja mahali ulipo kwa WhatsApp. Unaweza kuacha wazi kwa saa 8. Mtu mmoja anayekesha, si kundi la familia lenye watu 60 ambapo kila mmoja anadhani mwingine anatazama.

Ninakwenda kukutana na mtu tuliyejuana mtandaoni. Ni sawa?

Mkutane mchana, mahali pa watu, na chumba ulipie mwenyewe. Akilipia chumba atakuwa na nambari yake na pengine funguo. Nauli ya kurudi iwe kwako, isiyoguswa. Akiudhika kwa sababu umechukua chumba chako, umeshapata ulichokuja kujua.

Nikishambuliwa au nikibakwa, nianzie wapi?

Soma hii hata kama unadhani huihitaji, kwa sababu siku hiyo hutakuwa na kichwa cha kusoma.

Anzia hospitali. Polisi wanaweza kungoja saa chache, dawa haziwezi. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Dawa ya kuzuia mimba inafanya kazi mpaka saa 120. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo mwanaboda ataijua kwa jina la "Russia," ina kituo cha kuhudumia waliofanyiwa dhuluma za kijinsia. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, matibabu katika hospitali ya umma ni bure.

Usioge, hata kama mwili wote unakulilia uoge. Usifue. Nguo zitie kwenye bahasha ya kaki au gazeti. Plastiki hutia unyevu na kuharibu ushahidi. Daktari atajaza fomu ya PRC, ya matibabu baada ya kubakwa. Polisi watakupa fomu ya P3, ya kuthibitisha majeraha, nayo pia ni ya bure, na ukiambiwa ulipie, omba kuonana na mkuu wa kituo. Usiondoke bila nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, iliyoandikwa kwenye karatasi. Omba dawati la jinsia, na omba afisa mwanamke.

Simu ya 1195 hupokelewa usiku na mchana, bila malipo, kwa dhuluma za kijinsia. 999 na 112 ni za polisi. Kama aliyeumizwa ni mtoto, 116.

Na kama hukupiga kelele, kama ulimjua, kama ulikuwa umekunywa: nenda hospitali vilevile.

Polisi wakinisimamisha usiku?

Kuwa na kitambulisho. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke tu, sheria iko wazi. Kama hakuna afisa mwanamke, sema utapekuliwa kituoni, na umpigie mtu wako ukiwa bado barabarani.

Mama hataki niende. Nimwambieje?

Mpe ratiba na umpe nambari ya simu ya mtu wa pale unapolala. Wazazi wengi hawaogopi Kisumu, wanaogopa kimya. Mama yangu alinipa masharti safari ya kwanza: nipige Kericho, nipige Awasi, nipige Ahero. Nilipiga zote tatu. Ahero gari lilikuwa limesimama, wauza ndizi wamejaa dirishani, na yeye akasikia kelele zile kwenye simu akasema, "Funga dirisha kwanza, ndio uniambie umefika wapi."

Miaka 11 baadaye bado husema hivyohivyo, na mimi bado hufunga.